Mkurugenzi Asikatwe Kingo

Ilitangazwa kwa wote, wenye macho na wenye miwani, kwamba Idara ya Kanda imemaliza suala lililokuwa likilinyima taifa usingizi: kanda za zamani za video zikihamishiwa kwenye kompyuta, kila picha iwe na ukubwa gani? Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikainuka na jibu. Ukubwa wa picha utafuata cheo cha aliyemo. Waziri atapewa nukta tele za picha. Mkurugenzi atapewa tele, kasoro kidogo. Mwananchi wa kawaida atabanwa mpaka atoshe kwenye stempu, wala hatalalamika, maana kubanwa amezoea.

Mkurugenzi, aliyeutunga mwongozo huo mwenyewe, aliuona wa haki kabisa. Tembo hapigwi picha ya pasipoti.

Yeye alikuwa na kanda moja tu ya maana, lakini ilitosha. Zamani, akiwa afisa mdogo, televisheni ilimwonyesha akiinua jiwe la msingi la hospitali juu ya kichwa, peke yake, bila tone la jasho. Nchi nzima ilistaajabu. Akaitwa Bwana Mabega, na vyeo vikayafuata mabega. Sasa kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, Waziri alikuwa anakuja kuzindua mradi, na kanda hiyo ndiyo ingefungua hafla. Hata shangazi yake alikuwa amealikwa, kwa kuwa ushindi usioshuhudiwa na shangazi ni nusu ushindi.

Akashuka chumba cha deki za kuchezea kanda, ambako kanda zilirundikwa mpaka darini. Alimkuta fundi, dada mmoja mwenye bisibisi sikioni kama makarani wanavyochomeka kalamu.

"Mwanangu, yangu umeipa ukubwa gani?"

"Ule unaomzidi hata Waziri, bosi, kama ulivyoagiza kwa simu. Ila kanda yenyewe imechoka. Ukiitanua hivyo huongezi sura, unanenepesha chenga za picha tu."

"Wewe zinenepeshe. Mtu hashushwi kwa sababu ya chenga."

"Na diski itajaa, bosi. Kuna kanda za darasa la kisomo, kina mama wanajifunza kuandika majina yao. Mama yangu yumo, na sina picha yake nyingine. Nimembana mpaka pua imepotea."

"Ana cheo gani?"

"Mama."

Mkurugenzi alitafakari kwa uaminifu wote. Kwenye mwongozo cheo hicho hakikuwemo. "Stempu," alisema kwa upole.

Fundi akaigeukia deki. "Haya. La mwisho. Televisheni za zamani zilikuwa zinaficha kingo za picha. Kompyuta haifichi, inaonyesha mpaka mwisho. Kwa kawaida tunakata kidogo, pembeni na juu. Nikate?"

"Unikate mimi?"

"Kingo tu, bosi. Umeshaitazama yote?"

"Niliitazama siku nchi nzima ilipoitazama! Hata uzi usiguse. Andika hapo mlangoni: Mkurugenzi asikatwe."

Fundi akaandika, kwa herufi kubwa.

Siku ya hafla ukumbi ulifurika. Taa zikazimwa. Kwenye pazia zikaanza kuanguka chenga kubwa kama maharage, na katikati yake akatokea kijana mwenye tabasamu. Akashika jiwe. Akainua. Makofi yakalipuka.

Ndipo watu walipotazama juu ya jiwe, kwenye ule ukanda mwembamba ambao hakuna televisheni ya sebuleni iliyowahi kuuonyesha. Palikuwa na ndoano ya winchi, nene kama mkono wa mtu, imelishika jiwe kwa mnyororo.

Winchi hiyo Mkurugenzi alikuwa ameisahau kwa dhati. Ukisifiwa miaka mingi, hata mgongo wako husadiki.

Makofi yakakauka. Shangazi akasimama.

"We mtoto! Kumbe ulikuwa unaning'inia? Miaka yote nawaringishia majirani mabega, kumbe mabega ya winchi!"

"Kata juu!" Mkurugenzi alimnong'oneza fundi aliyekaa kwenye kompyuta. "Kata!"

"Mlangoni imeandikwa usikatwe, bosi."

"Basi nibane! Nifanye stempu!"

Waziri akainua mkono. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Mwongozo ni mzuri, tusiuvunje. Lakini cheo hufuata kazi, sivyo?"

"Ndivyo, Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu kwa mazoea.

"Na hapa kazi kafanya nani?"

Ukumbi mzima ukaitazama ndoano.

Winchi ilitafutwa, ikakutwa nyuma ya karakana imeota kutu, ikapakwa rangi na kupandishwa daraja. Uteuzi wa Katibu Mkuu umeahirishwa hadi wataalamu wathibitishe kama winchi inaweza kukaa kitini. Ombi la stempu nalo lilikubaliwa papo hapo, ombi la kwanza la Mkurugenzi kupita bila kamati. Diski ikapumua, na darasa la kisomo likapewa nafasi yake.

Sasa, kwenye kioo kikubwa cha mapokezi, mama mmoja anaandika jina lake taratibu, ulimi umetoka kidogo, pua yake yote ipo. Chini yake, konani, kuna picha ndogo ya mtu na jiwe. Wageni hudhani ni uchafu, na kila asubuhi mfagizi huisugua kwa kitambaa, akishangaa kwa nini haitoki.