Kilo Sitini kwa Mume Wangu Mlimani

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Mume wangu (naandika tena kwa raha zangu: mume wangu) amepanda mlimani saa mbili asubuhi na pikipiki yake nyekundu ya magurudumu manne. Keria mbele, keria nyuma, matairi manene kama mito ya kulalia. Kila asubuhi huifuta tangi kwa kitambaa laini kabla ya kuja kunibusu. Naiita Mke Mwenza. Yeye hucheka. Mimi hucheka nusu.

Kazi yake ni kupeleka chakula na betri kwenye kituo cha hali ya hewa kule kileleni, ambako watu watatu wanapima upepo na baridi. Kazi yangu ni stoo ya huku chini. Dereva wa pili alistaafu kabla sijafika, mgongo ulimshinda. Likizo ya harusi imekwisha na kituo hakikai bila dereva, kwa hiyo mume wangu hashuki mpaka apatikane mwingine. Nimelia juu ya gunia la sukari. Kidogo tu, isilowe.

Mchana, habari tamu. Msimamizi wetu, tunayemwita Mzee wa Mizani kwa kuwa hupima hata majani yake ya chai, amebandika tangazo. Anatafuta dereva wa pili. Jaribio Ijumaa na Jumamosi, kilo sitini za chakula cha kituo, zinapimwa chini na kupimwa tena juu. Dereva wa pili! Mimi na mume wangu bega kwa bega, mawinguni. Nimejiandikisha wa kwanza.

Wa pili ni wifi yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ameendesha trekta miaka sita na ana mikono ya kuvunjia nazi. Pikipiki ya majaribio ni moja, ya bluu, hivyo Mzee wa Mizani ameamuru anifundishe. Tukaenda kwenye mwinuko wa mawe nyuma ya stoo. Akauliza kama nimewahi kuendesha chochote. Nikasema baiskeli. Akauliza ya nani. Nikasema ya mtoto wa jirani. Akautazama mlima, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

“Wifi,” akasema, “hii usipoiinamia wewe, itakulalia yenyewe.”

Maelezo yake: ukipanda, mzigo mzito ufungwe keria ya mbele, kifua kije juu ya usukani. Gia ndogo. Usisimame katikati ya mwinuko. Ukishuka usining'inie kwenye breki, acha injini ikushike. Nimeandika yote. Kisha nimeyafuta yote. Mshindani gani anakufundisha jinsi ya kumshinda? Anataka mzigo uwe mbele ya macho yangu nisione njia.

Nimeanguka mara tatu. Mara ya tatu kwa madaha.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata! Wazo limenijia nikishona magunia. Mzee wa Mizani hajali kitu ila namba. Namba ni sitini. Na mlimani kuna nini? Mawe. Bure, tena yamejipanga.

Mpango: napimiwa chakula huku chini, magunia matatu ya kilo ishirini ishirini. Kwenye kona ya kwanza nayaficha chini ya turubai. Napanda mwepesi kama unyoya. Karibu na kilele najaza mawe kwenye magunia mengine matatu. Sitini chini, sitini juu. Nikishapata kazi, tutashuka wawili kukichukua chakula, mkono kwa mkono. Sioni kasoro.

Jioni mume wangu alitoa ripoti kwenye redio ya mawasiliano. Nikamnyang'anya Mzee wa Mizani kipaza sauti, nikasema nakupenda. Mzee akanikumbusha kuwa redio ile ni ya hali ya hewa. Mume wangu akajibu kwamba huku juu joto limepanda ghafla. Sijalala kwa furaha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kuchagua mahali pa kuficha. Nimepuliza manukato kwenye kofia ya kuendeshea. Nimefikiria watoto wetu watafanana na nani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zamu ya wifi. Ametumia saa moja na dakika hamsini kupanda. Juu, kwa mujibu wa redio: kilo sitini kamili, hakuna hata mkwaruzo. Nikajisemea ni bahati.

Alirudi uso umekuwa wa majivu, vidole havikunjiki. Akalikumbatia jiko langu la stoo kama ndugu aliyepotea. Akasema huko juu hewa ni ya kugombania na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Akauliza kama stoo huwa na joto hivi kila siku. Nikamwambia kila siku. Akauliza kama kiti hiki kina mto wake. Nikamwonea huruma, jinsi unavyomwonea mtu aliyekwisha kushindwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa mbili Mzee wa Mizani alipima magunia, akatia sahihi, akanitakia heri. Wifi akaniambia tena: keria ya mbele. Nikamshukuru kwa tabasamu lenye siri.

Chakula kimelala kwenye kona ya kwanza. Mimi huyoo!

Sasa, hakuna aliyeniambia kwamba pikipiki tupu huruka. Kila jiwe ilipolikanyaga, pua ilikwenda juu kama mbuzi anayetaka majani ya mti. Mara mbili niliona anga tu. Mara moja nilishuka kwa makalio, yenyewe ikanitazama. Na kadiri nilivyopanda, injini ilianza kukohoa, na mimi nikakohoa. Mawingu yalikuwa chini yangu. Kichwa kinagonga, midomo mikavu, na bado nilikuwa naimba. Uzuri gani ule! Mawe meusi, barafu nyembamba kwenye nyufa, na mahali fulani juu yake, yeye.

Nikajaza mawe. Huko juu kuokota kilo sitini ni sawa na kujenga nyumba. Nilikaa chini kila jiwe la tatu.

Mume wangu alikuwa mlangoni na mizani. Sitini na moja. Nilikuwa nimezidisha, kwa mapenzi. Wale wapimaji watatu walisimama nyuma yake na sufuria, maji yanachemka. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa chakula huliwa.

Akafungua gunia la kwanza. La pili. La tatu hakulifungua. Alicheka mpaka akakaa juu yake.

“Mke wangu,” akasema, “umeniletea mlima mlimani?”

Mpimaji mkubwa hakucheka. Alisema jana wifi alileta unga, leo ilikuwa zamu ya maharage na mchele, na wao wamekula uji tangu juzi. Mume wangu naye alikuwa amekonda shingo. Niliona aibu, kweli niliona, kama robo saa. Nikasema mwenyewe kwenye redio nilichofanya. Halafu Mzee wa Mizani akasema: kalete.

Nikashuka. Nikafunga magunia mawili keria ya mbele, moja nyuma, kwa kuwa nyuma kamba ilikuwa fupi. Nikapanda tena. Ilishika mawe kama kenge. Haikuruka hata mara moja. Ni manukato, nadhani, ilikwisha kuyazoea. Nilifika saa kumi na moja jioni. Walikula maharage mpaka wakakwangua sufuria. Mume wangu alinishika mkono chini ya meza.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee wa Mizani ameniita ofisini. Wifi alikuwepo. Mzee alisema kwa namba mshindi ni wifi. Wifi akasema hapana, ampe bibi harusi, mtu aliyepanda mara mbili kwa siku moja ataizoea baridi. Yeye atajitolea abaki stoo.

Nilimkumbatia. Kumbe ana moyo! Barua ninayo. Naanza kesho.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika nikiwa kileleni, ndani ya blanketi tatu. Peke yangu, ukiwatoa wapimaji.

Madereva wawili hawapandi pamoja. Mmoja akipanda, mwingine anashuka. Jumatatu na Alhamisi, mwaka mzima. Tulipishana leo penye upana, yeye kashuka nyumbani, mimi huyu hapa. Tulipata dakika kumi. Alinieleza yote kwa upole, akisugua vidole vyangu. Alidhani najua. Wifi, kumbe, alijua sana.

Dakika kumi! Lakini dakika gani hizo. Pua yake nyekundu, macho yale. Nimepata kazi yenye miadi ya mapenzi mara mbili kwa wiki, angani.

Nimesoma kitabu cha kanuni usiku huu wote. Ukurasa wa pili: dereva akikuta mwenzake ameharibikiwa njiani, haruhusiwi kumwacha mpaka msaada ufike. Msaada hutoka chini kwa miguu, safari ya saa nne.

Nimeshauona waya wa kuchomoa, mwembamba, chini ya kiti cha pikipiki. Nimejaza chupa ya chai. Nimefunga blanketi mbili.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, nitaharibikiwa.