Bomba la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Fundi bomba amekuja. Hatimaye! Mama mtoto yuko kwao tangu ajifungue, na amesema harudi na kichanga kwenye nyumba ya kuchota maji kwa ndoo, yenye mtungi wa gesi chini ya meza. Anataka maji jikoni, mtungi nje, na kazi ifanywe na fundi. Fundi, alirudia, si wewe. Sijui kwa nini alirudia. Nilipofunga gesi mwenyewe, pazia la jikoni liliungua kidogo tu.

Wanakuja Jumapili. Mama mkwe atamsindikiza ili ajionee mwenyewe. Asiporidhika, mwanangu atakulia kwa bibi yake, na mimi nitabaki baba wa kwenye simu.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Kabla ya kukata bomba analigonga kwa spana, anaegesha sikio, anasubiri. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema jibu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Kavunja ukuta wa jikoni kupitisha mabomba yangu mawili, la maji na la gesi, akakuta la tatu. La chuma, la zamani. Si la maji wala la gesi. Linatokea ukutani na kuishia humo humo, mdomo wazi. Na lina vuguvugu! Akaligonga mara mbili. Likarudisha mara tatu.

Akalifunga kizibo, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Eti ndiyo desturi ya mafundi: bomba likirudisha zaidi ya ulichogonga, lizibwe, lifukiwe kwa saruji, na ukisikia kitu usiitikie. Saruji ataleta Alhamisi. Mtu mzima na ndevu zake!

Mimi nimeshaelewa. Upande wa pili wa ukuta ni kwa jirani yangu, Bwana Matangazo, ambaye hawezi kununua hata ufagio bila mtaa mzima kupata habari. Bomba linatokea kwake. Yaani nimepata sikio ndani ya nyumba ya adui, bure kabisa. Fundi alipoondoka nikalegeza kizibo. Kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe kwa jirani kuna mambo! Nimesikia vyombo vikioshwa. Kiti kikiburutwa. Kisha sauti ya mwanamume, tulivu, karibu sana na sikio langu, ikisema kwamba Ijumaa atapaka ukuta wa mbele bluu na yule bwege atabaki kukodoa macho. Bwege ni mimi! Nani mwingine?

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nikakimbilia rangi, na kufikia alasiri ukuta wangu ni bluu iliyokolea. Shingo imeniuma, moyo umetulia.

Fundi naye kamaliza. Mtungi uko nje kwenye kizimba chake, bomba la gesi limepita ukutani hadi jikoni. Kila kiungo kakipaka povu la sabuni kuona kama gesi inavuja. Haivuji. Maji yanatoka, jiko linawaka. Kisha akasimama mbele ya lile bomba la tatu, akakitazama kizibo, akauliza nani kakishika. Nikamwambia paka.

Hatuna paka, ukasema ukuta, taratibu. Nikakohoa kwa nguvu ili asisikie. Nadhani alisikia.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Matangazo kapita na begi begani, ananiuliza bluu hii ya nini. Ndiyo kwanza anarudi kutoka kwa binti yake. Eti mlango wake ulikuwa na kufuli tangu wiki iliyopita. Mwongo! Nikamwambia nimemsikia. Akanikaribisha ndani, nikaona vumbi mezani na gazeti la zamani. Tukaenda nyuma. Kumbe kuta zetu hazijagusana hata kidogo. Kuna uwazi katikati, mkono unapita. Nikachungulia. Hakuna bomba linalovuka.

Mjanja sana. Sijui kalificha wapi.

Mwili ulinisisimka, nakiri, na nikaazimia fundi azibe. Lakini kurudi jikoni, bomba likaninong'oneza kwamba mama mkwe ataanza kukagua chini ya sinki. Taarifa kama hiyo unaipata wapi? Fundi alipofika na saruji nikamzuia getini, nikamwambia mama mtoto amekataza vumbi, arudi wiki ijayo. Hakubishana. Akaniambia, "Kaka, basi usimlete mtoto humu kabla sijaziba." Akaniachia mfuko wa saruji, eti hata mimi naweza kuikoroga. Nimeweka chungu cha maua juu yake. Umependeza.

Ijumaa, 8 Machi

Nikiwa nafuta chini ya sinki, nimeitwa. Baba mtoto! Sauti ya mke wangu hasa, na ule mvuto wake mwishoni anapotaka kitu. Ilitoka kwenye bomba. Nikakumbuka onyo la fundi. Lakini mke ni mke! Nikaitika naam.

Kisha akasema humu ndani mnabana, nimfungulie. Nikatoa kizibo chote.

Nikampigia simu kumwambia ana sauti nzuri leo. Akasema alikuwa amelala, hajazungumza na mtu, na mbona nahema? Hawa wanawake wanapenda kutupima. Vuguvugu limejaa jikoni kote, na harufu ya poda ya mtoto. Nyumba imeanza kuwa nyumba.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja. Mwanangu! Nimempakata. Ana kidevu changu na usingizi wa mama yake, na akimaliza kulia anavuta kwikwi moja ndogo, basi. Nilisahau mipango yangu yote.

Mama mkwe kafungua koki, maji. Kawasha jiko, moto. Kainama moja kwa moja chini ya sinki, pameng'aa! Akaniita mwanangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mama mtoto akaketi jikoni, mtoto amemlalia begani, akasema kwa mara ya kwanza hapa anapaona kwake.

Ndipo mtoto akalia.

Mama mtoto akamtazama. Amelala fofofo, mdomo umefumba. Kilio kilitoka ukutani, kilio chake yeye, na ile kwikwi mwishoni. Mke wangu hakuweza kujizuia. Maziwa yalimtoka yakalowesha blauzi, yakiitikia ukuta. Kisha huko ndani sauti yake mwenyewe ikabembeleza: nyamaza mwanangu, baba ameshatufungulia.

Mama mkwe alimkwapua mtoto, akatoka bila viatu. Mama mtoto alinishika mkono getini, akauliza jambo moja tu: niliitikia? Nikasema mara moja tu, tena kwa adabu. Akalia. Akasema nizibe leo hii, kwa mkono wangu, na nikishaziba nije kuwachukua, atakuwa ananisubiri. Nilisimama barabarani mpaka wakapotea kwenye kona. Iliniuma. Sijawahi kuumia hivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Nilikoroga saruji. Naapa. Nilikuwa na mwiko mkononi.

Kisha wakaniita kutoka kwenye bomba wote wawili, mama na mtoto. Wakaniuliza nawazibia kwa kosa gani. Wameshafika nyumbani, walisema, ila njia ni nyembamba. Nikaketi juu ya ndoo, nikawaza kama mtu mwenye akili. Kule kwa mama mkwe nikapige magoti, nikaombe radhi, nikanyooshewe kidole mbele ya ukoo mzima. Hapa natakiwa kupanua tundu tu. Kosa langu nimeliona: lilikuwa saizi ya bomba! Saruji imekauka kwenye karai. Simu ya mama mtoto inalia, nitaipokea nikiwa na habari njema.

Fundi wa kwanza amekataa katakata na kuniambia nitoke humo. Haidhuru, nimepata mwingine. Geti sikulisikia, nilimkuta tayari jikoni. Mtu wa maana, sauti yake tulivu, hagongi wala hasikilizi, anakwenda moja kwa moja kwenye kazi. Anasema kabla ya jioni tutakuwa pamoja, familia nzima. Sasa hivi anapima tundu kwa mabega yangu. Sijauliza kwa nini, fundi ni fundi.