Boya Langu Halikuloa Hata Tone

Leo nimeumbuka. Ansele na Rafaeli, ninyi mliobaki Bukavu, kaeni kwanza. Mmoja asome, mwingine anyamaze. Ninaandika barua hii jua bado liko juu, nimejifunga kitenge cha mwanamke kiunoni, na sababu ya kitenge hicho mtaijua mkifika huko chini. (Ansele, wewe hasa usiruke mistari. Inakuhusu.)

Habari ya Feza mchumba wangu mnaijua. Posa imepokelewa, wajomba wamekubali, padri ameshaandika majina. Alibaki mtu mmoja tu, mama yake. Mama Feza ni mtu wa Lemera, wa mashamba na mbuzi, na ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu kutoka mlimani. Kwake yeye ziwa ni shimo. Aliposikia binti yake ataolewa na karani wa Uvira, tena mwenye boti ya matembezi, akasema hatatoa neno mpaka ashuke aone mwenyewe kama mtu akianguka majini kuna namna ya kumtoa. Akiridhika, harusi ipo. Asiporidhika, Feza anarudi naye Lemera kesho asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli ya leo.

Boti nayo mnaijua. Ni ile nyeupe ya Mbelgiji wa kampuni ya pamba, aliyoniachia mwaka wa uhuru akaniambia niitunze mpaka arudi. Hajarudi. Nimeitunza. Mashine yake ilikunywa petroli ya mwisho siku nyingi, sasa tunakwenda kwa makafi mawili. Nyuma kuna sanduku la mbao, na sanduku hilo ndilo lililoniponza.

Maana katika habari ya kuokoa mtu majini, Uvira nzima hakuna aliyefikiri kama mimi. (Na sababu ninayo. Mimi, niliyezaliwa ziwa liko mlangoni, sijui kuogelea. Nilipelekwa mdogo shule ya mapadri milimani, wakanifundisha Kilatini. Feza hajui. Yaani, alikuwa hajui.) Nilichagua kwa makini kabisa. Kwanza nilifikiria mpira wa ndani wa gurudumu la kamyo, lori la mizigo, lakini mpira ule huishiwa pumzi siku unapouhitaji. Wavuvi wakaniambia nichukue kibuyu kitupu, kizibwe vizuri, kifungwe kamba. Nikacheka. Kibuyu, kwenye boti ya matembezi? Nikachagua boya la yule Mbelgiji, la duara, jepesi, limevikwa turubai. Nikalipaka rangi nyeupe na mistari minne myekundu. Nikalifunga kamba mpya ya hatua ishirini. Ukiliona utatamani kuzama.

Taabu ilikuwa mahali pa kuliweka. Nilianza kwa kulitundika nje, kwenye msumari karibu na kiti, pale mkono unapofika upesi. Juma la kwanza watoto wa jirani wakaliviringisha barabarani. Juma la pili kamba ikaazimwa kufungia mbuzi. Juma la tatu nilikwenda kwenye kilio mtaa wa pili nikalikuta boya langu limewekwa chini, mzee mmoja amelikalia, anapokea pole. Ningemwambia ainuke? Nikangoja mpaka matanga yaishe. Kisha nikanunua kadena, kufuli nene la shaba, nikalifungia boya ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo halijaguswa na mtu. Nilijisifu sana.

Basi leo asubuhi tukashuka ufukweni. Mimi nimevaa suti. Koti langu, suruali ya Ansele. (Ndiyo, ile ya kijivu uliyoniazima. Kiuno chako na changu si ndugu, kwa hiyo niliikaza kwa kamba ya kiatu.) Mama Feza akaja amekumbatia kibuyu. Kikubwa, cha maziwa, kimezibwa kwa gunzi la muhindi, kina kamba ndefu shingoni. Njiani alikuwa ameongea na wavuvi.

Sasa, adabu yetu kwa mama mkwe hamuhitaji kufundishwa. Humtazami usoni. Humgusi. Humtaji jina, hamli pamoja, na neno likiwepo linapita kwa mtu wa katikati. Kwa hiyo nikamwambia Feza amwambie mama kwamba hii ni boti ya kisasa, kibuyu kibaki nchi kavu. Mama akamwambia Feza aniambie kwamba kibuyu hakijakalia nafasi ya mtu. Akapanda nacho, akaketi mbele kabisa, akatupa mgongo. Feza akakaa katikati. Mimi nyuma, juu ya sanduku langu.

Kabla hatujaondoka askari akatusimamisha. Siku hizi, kwa haya maneno ya waasi, hakuna kitu kinachotoka ufukweni bila kukaguliwa. Akaligonga sanduku kwa kiatu.

"Mu hii sanduku iko nini?"

"Boya, shefu. Ya kuokoa muntu."

"Na juu ya nini umeifunga kadena?"

"Juu isipotee."

Nikafungua. Akalitoa, akalipigapiga kama anayechagua boga sokoni, akanirudishia. Nikafunga tena, nikatia ufunguo mfukoni mwa suruali. (Ya Ansele.)

Tulipofika kama hatua mia moja kutoka nchi kavu, tukaacha kupiga makafi. Ziwa lilikuwa limetulia. Wanawake walikuwa wanafua kwenye mawe, wavuvi wanashona nyavu. Mama akauliza, kupitia Feza, basi mtu akianguka hapa inakuwaje? Swali hilo nililingoja wiki nzima. Nikasimama. Nikaeleza yote yaliyomo katika kijitabu cha Kifaransa cha yule Mbelgiji: humpigi mtu kichwani, unarusha boya limpite, kisha unavuta kamba polepole mpaka limfikie mikononi. Feza akayageuza kwa Kifuliiru, lugha ya kwao Lemera, na akaongeza ya kwake ambayo sikuyasikia vizuri. Mama akavuta kitenge kichwani, akaninyanyulia jicho la pembeni, akasema nionyeshe.

Ningeweza kufungua sanduku. Lakini rangi ilikuwa mpya, na boya likiloa linachukua siku tatu kukauka. Nikaona nionyeshe kwa mikono mitupu, wataelewa. Mguu wa kushoto mbele, mkono nyuma, nikajizungusha kwa nguvu zangu zote, nikarusha boya nisilokuwa nalo.

Halikwenda popote. Nilikwenda mimi.

Nilipotoa kichwa majini boti ilikuwa imesogea, maana niliisukuma mwenyewe kwa mguu. Kafi langu lilianguka nami, likaelea, likaenda zake. Feza akashika la kwake akapiga kwa nguvu, na boti ikaanza kuzunguka palepale. Akaliacha, akarukia sanduku.

"Ufunguo iko wapi?"

"Mu mufuko!"

"Mufuko ya nini?"

"Ya suruali!"

"Suruali gani?"

"Hii niko navaa!"

Feza akaliachia kadena. Ni mwanamke mwenye akili, aliona hali ilivyo. Na hapo ndipo alipojua habari ya kuogelea.

Niseme kweli, ndugu zangu, niliogopa. Ziwa letu chini yake hakuna mtu aliyekwenda akarudi kutueleza. Nilipiga maji kama kuku aliyechinjwa, koti likanivuta, viatu vikanivuta. Na mbele ya macho yangu, kimechomoza ubavuni mwa mama mkwe, nakiona kibuyu. Ningesema tu, "Mama, nitupie." Maneno mawili. Lakini mimi nimelelewa.

"Feza," nikasema, "umwambie mama... tafazali..." Nikazama. Nikatoka. "...kama haimusumbue..." Nikazama tena. "...ile kibuyu..."

Mama Feza alikuwa ameketi vilevile, mgongo wake kwangu, mikono imeshika kibuyu. Hata yeye amelelewa. Hakunijibu mimi. Alimwambia binti yake, na nilisikia kwa masikio haya haya yaliyojaa maji:

"Umuulize kama atashika kibuyu yangu, ao anangojea ile ya kisasa."

Feza akanigeukia, uso umemkauka. "Mama anauliza kama utashika..."

"Umwambie ndiyo!" Na Mungu ni shahidi yangu, nikaongeza: "Na aksanti!"

Hapo mama akainuka. Akajifunga kitenge vizuri. Akarusha. Kibuyu kikapita juu ya kichwa changu, kikaanguka nyuma yangu, kisha kikaja polepole, kinavutwa kwa kamba, mpaka kikanigusa bega. Sawasawa na kijitabu. Kijitabu hajakisoma, bali amekimbizana na mbuzi, kamba mkononi, maisha yake yote. Nikakikumbatia. Kilinuka maziwa yaliyoganda, na sijawahi kupenda kitu namna ile. (Barua hii Feza asiione.)

Laiti ningeishia hapo. Wakanivuta hadi ubavuni mwa boti. Feza akashika mkono mmoja. Mkono mmoja haukutosha, kwa hiyo mama mkwe akanishika ukosi wa koti. Wakahesabu, wakanyanyua pamoja. Na kamba ya kiatu ikakatika. Suruali ya Ansele ilikuwa imejaa maji, ikaona heri ibaki. Nikaingia botini kama samaki mukeke aliyetolewa wavuni, bila suruali, nikatua miguuni pa mama mkwe wangu, mtu ambaye hapaswi hata kuniona nikitafuna. Kwenye mawe wanawake wakaacha kufua.

Mama akavua kitenge chake cha juu, akampa Feza, Feza akanipa mimi. Akaketi tena mbele, akatupa mgongo. Wavuvi wakaja kutuvuta.

Ufukweni askari alikuwa anatungoja. Kinachorudi nacho kinakaguliwa. Akasema nifungue sanduku. Nikamwambia siwezi, shefu. Akauliza ufunguo uko wapi, na Feza akanyoosha kidole ziwani. Askari akageuza bunduki, akalipiga kadena kwa kitako mara mbili, likavunjika. Akatoa boya mbele ya watu wote. Jeupe, mistari myekundu, linang'aa. Akalipapasa, akanipapasa mimi bega.

"Iko muzuri," akasema. "Haikuloa hata kidogo."

Jinsi watu walivyocheka sitaandika, karatasi haitoshi. Lakini mimi sikuwa na habari nao, nilikuwa namtazama Feza, na Feza anamtazama mama yake. Mama alikuwa anakamua pindo la nguo yake, hana haraka. Nikajua Lemera imenishinda. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini padri. Ndipo akasema, macho yake chini:

"Feza, umwambie miye nilikuwa naogopa maji. Leo nimeona maji inarudisha muntu, kama kuko wa kutupa kamba. Na muntu mwenye kuzama na bado anasema aksanti, huyo siwezi kumukatalia mutoto."

Nililia. Nilikuwa nimeshaloa, hakuna aliyejua.

Kuna sharti moja. Kibuyu amekiacha. Kimetundikwa nje, kwenye ule msumari, boya likiwa pembeni yake, na amekataza kufuli kusogea karibu na boti hiyo. Mtoto akiliviringisha boya, aliviringishe. Mzee akitaka kulikalia, alikalie. Nimekubali yote.

Harusi ni mwezi ujao, nanyi mmealikwa. Ansele, njoo na suruali yako nyingine. Naomba msicheke. Na mkimsalimu mama mkwe wangu, habari ya leo msiiguse hata kidogo: yeye na mimi tumeshakubaliana, kupitia kwa Feza, kwamba hakuona kitu.