Gari Lako Lilifika, Baridi Yake Haijafika

Zadock Ogola,
Mkaguzi Mstaafu wa Mizani,
Mtaa wa Kaloleni,
Kisumu.

14 Julai 1989

Kwa Bwana Mhandisi Halvorsen,
Norwei.

Bwana Mhandisi mpendwa,

MINTARAFU: OMBI LA KULETEWA BARIDI INAYOLISTAHILI GARI

Natumaini waraka huu utakukuta ukiwa mzima na mkavu. Mimi ni mzima, ila ukavu umenishinda. Ndimi yule Ogola uliyeniuzia gari lako mwezi wa Januari, siku tatu kabla hujapanda ndege kurudi kwenu, baada ya kutuchimbia visima kwa miaka minne. Kwa kuwa Kiswahili ulijifunza ukakijua kuliko baadhi ya majirani zangu, nakuandikia bila wasiwasi.

Utakumbuka kwamba siku ile uliligonga boneti kwa kiganja ukasema, "Mzee Ogola, ndani ya gari hili hutasikia baridi maisha yako yote." Nilikushukuru sana, hata nikakupa mkono mara mbili. Leo ndipo naelewa kwamba yale hayakuwa maneno ya kulisifu gari. Ulikuwa unanionya.

Nimekagua mizani ya wauza samaki kwa miaka thelathini na mmoja, na katika kazi ile kanuni ni moja tu: jiwe la kupimia likiwa upande huu, lazima kuwe na kitu upande wa pili. Wewe, Bwana Mhandisi, uliniletea jiwe peke yake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hita haizimiki. Nilimpelekea gari fundi Narendra, ambaye gereji yake iko karibu na stesheni ya reli, mtu mpole asiyependa kusema uongo hata kwa mteja. Alilifungua, akalichungulia. Kisha akanieleza kwamba rejeta imechoka, na kinachoiokoa injini ni ile hita, maana inalivuta joto lake na kulileta ndani, tulipo sisi watu. "Mzee Ogola," akasema, "chagua mwenyewe. Ichemke injini, au uchemke wewe."

Nilichagua kuchemka mimi, kwa sababu injini haina mke wa kuipepea. Nakuomba ukumbuke kwamba Kisumu mwezi wa Februari hata mbwa hukimbilia kulala kwenye mtaro. Vioo vya nyuma havifunguki. Vya mbele hufunguka upana wa vidole vinne, na upana huo unatosha kuwaingiza wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, lakini hautoshi kuwatoa.

2. Mama mkwe wangu. Hili naliandika kwa uchungu. Mama Milka, mzazi wa mke wangu Benta, alikuja kututembelea wakati wa Pasaka, nami nikajitolea kumpeleka kanisani. Wewe uliishi kwetu, unajua mila. Mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Hawezi kuvua kitambaa cha kichwa mbele yangu, hawezi kuvua sweta, hawezi hata kupumua kwa sauti. Siku hiyo alikuwa amevaa vitu vitatu: kitambaa, sweta, na ile kanzu nzito ya akina mama wa kanisa.

Kufika mzunguko wa kwanza wa barabara alianza kuimba polepole. Kufika wa pili aliacha kuimba. Tulipokaribia kanisa alilishika bega la Benta akasema, "Mwanangu, moto wenyewe ndio huu. Acha nitubu mapema." Akatubu, Bwana Mhandisi, na mimi nimeshika usukani nasikia. Alisema kwamba mwaka wa harusi yetu alifunga siku mbili akiomba mto ufurike, uchukue daraja, nisifike.

Miaka ishirini na minane nilikuwa nimeishi kwa raha bila habari hiyo. Sasa kila nikimwamkia namuuliza hali huku nikifikiria daraja. Naye alikuwa amekwisha kusamehewa hata kabla hatujaingia kanisani, mzigo akaniachia mimi.

3. Dorca wa Dunga. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki aliyeniomba nimbebee karai mbili za ngege wabichi kutoka ufukwe wa Dunga hadi sokoni. Walipoingia kwenye gari walikuwa bado wanapiga mikia. Tulipofika, mteja wa kwanza alimwinua mmoja, akamnusa, akauliza, "Mama, huyu mmembanika au bado?" Dorca alinitazama kama aliyekuta kidole changu kwenye mizani yake. Kwa mtu wa cheo nilichokuwa nacho, mtazamo ule haukuwa mdogo.

4. Kitabu cha mwongozo. Kimeandikwa kwa lugha yenu, kwa hiyo nafuata picha. Picha ya ukurasa wa kumi na tisa inamwonyesha bwana mmoja mwenye ndevu akipanga vitu kwenye buti la gari: beleshi, mnyororo mrefu, blanketi na mshumaa. Mimi ni mtu wa kutii maandishi hata nisipoyaelewa. Nikanunua vyote, nikavipanga kama alivyovipanga.

Mwezi wa Mei nilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi barabara ya Kakamega. Afisa mmoja kijana, jina lake Wabwire, alifungua buti, akatazama beleshi, mnyororo, blanketi na mshumaa, kisha akanitazama mimi, nikivuja jasho kama mtu mwenye siri.

"Mzee," akaniuliza kwa upole, "umeshamzika, au unaenda kumzika?"

Nikamwambia vitu hivyo ni vya theluji. Akauliza Theluji ni nani, na ukoo wake unaishi wapi. Nilikaa pale saa tatu, mpaka Benta akaletwa athibitishe kwamba yu hai. Alithibitisha, lakini baada ya kufikiri kidogo. Siku hizi, tukitoka pamoja, yeye hutembea kwa miguu nami namfuata na gari nyuma yake, na wengi mtaani wanaamini tumegombana.

5. Sasa ombi. Kuuza gari nimejaribu. Wanunuzi wanne walilijaribu, na hakuna aliyefika gia ya tatu. Kukurudishia sitaki, kwani mkataba ni mkataba, na tena ndilo gari pekee Kaloleni linalovuta kwa magurudumu yote manne. Imebaki njia moja ya haki: uniletee ule upande wa pili wa mizani. Naomba, kwa heshima zote, unitumie majira ya baridi.

Sitaki mengi. Wiki mbili za mwezi wa Agosti zinatosha. Yashushwe mtaa wa Milimani, ambako nyumba zina nyua pana na theluji itapata mahali pa kulala. Kwetu Kaloleni nyumba zimebanana, na bomba la maji ni moja, likiganda tutalaumiana. Jumamosi yasimame, kuna Wasabato. Ziwa lenyewe lisigande, kwa ajili ya mashua za Dunga. Ikibidi ligande kidogo, wenyeji wapewe taarifa kwa maandishi, na mtu atafutwe wa kuwaeleza viboko, maana hao hawasomi na hukasirika upesi.

Theluji ikishafika, nitalizungusha gari Milimani mara sita kwa siku nikiwa nimefunga vioo, Benta ubavuni na mama mkwe nyuma, wote tukiwa na joto la kadiri. Ndipo nitakapokubali kwamba uliniuzia kitu kizima.

Ikiwa serikali yenu hairuhusu kusafirisha baridi nje ya nchi, basi naomba mwaliko nije huko na gari lenyewe, nilitumie kwa msimu mmoja tu jinsi lilivyokusudiwa, kisha nirudi nistaafu vizuri.

Nisalimie mama watoto na watoto wako, wazazi wako ikiwa bado wapo, majirani wa pande zote mbili, na yule bwana mwenye ndevu wa ukurasa wa kumi na tisa. Benta anawasalimu nyote akiwa barabarani.

Ni mimi mwenye kulowa kwa uaminifu,

Zadock Ogola

N.B. 20 Julai. Nilikuwa bado sijaifikisha barua hii posta, Bwana Mhandisi, ilipokuja simu kwa jirani. Binti yetu Jentrix, anayefundisha shule ya msingi huko Timboroa kwenye nyanda za juu, alikuwa amejifungua kabla ya wakati wake. Mtoto ni wa kike, mdogo kama mkate wa nusu. Benta aliingia kwenye gari bila kuambiwa, tukaondoka asubuhi ileile.

Huko juu mvua ya mawe ilikuwa imenyesha, na ardhi ilikuwa nyeupe toka uzio hadi uzio. Nilishuka nikaikanyaga. Sikuipenda. Kwenye zahanati, muuguzi Kageha alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa Jentrix ndani ya mablanketi. Akasema, "Mzee, huyu ni lazima afike hospitali ya Eldoret, na asipoe hata kidogo njiani. Gari letu limezama kwenye matope tangu jana."

Basi Jentrix na mtoto wakaingia, Kageha pamoja nao, nikafunga vioo. Tulitoka kwenye matope yale magurudumu yote manne yakivuta, hita ikiwaka kwa nguvu zake zote. Kageha alivua sweta, akavua viatu. Benta jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa naona barabara kwa jicho moja, jingine limejaa chumvi. Lakini kila nilipouliza, "Yukoje?" Jentrix alijibu, "Ana joto, Baba. Amelala."

Daktari alimpokea, akamgusa miguu, akatuuliza tumemleta ndani ya nini. Leo asubuhi amenyonya mwenyewe. Tumemwita Akoth, yaani aliyezaliwa wakati wa mvua. Benta alitaka kuongeza jina lako, lakini hapa wodini hakuna aliyeweza kulitamka mara mbili.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza hadi la nne, na ombi pamoja na vifungu vyake vyote. Baridi usitume. Ikiwa umekwisha kuituma, tafadhali irudishe njiani, maana kumbe tunayo yetu. Na mtu yeyote asiiguse ile hita.

Barua nakutumia hivyo hivyo, kwa kuwa stempu nilikuwa nimekwisha kuibandika.