Kiongozi Bora na A ya Nane

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mkuu wa Maktaba anarudi kazini Ijumaa, baada ya wiki sita za hospitali na kupasuliwa tumbo. Karani wa mapokezi kasema siku hiyohiyo atamtangaza Mkuu Msaidizi. Cheo hicho kina ofisi yenye mlango. Mimi nina meza katikati ya rafu ya magazeti na choo.

Tunaokitaka tuko wawili. Mimi, miaka kumi na mmoja kwenye dawati la kuazimisha vitabu. Na Kamusi. Si jina lake, lakini kajitakia. Ukisema "masaa" anakurekebisha: "saa". Hata msibani hufanya hivyo.

Kuna kosa dogo. Mwezi uliopita nilimwambia mama mkwe kwamba cheo nimeshapata. Sikukusudia. Alikuwa anamsifia mume wa binti yake mdogo kuanzia kwenye supu hadi kwenye matunda, na mimi nina damu, si jiwe. Tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa. Leo kapiga simu kusema Ijumaa anakuja kuiona ofisi yangu.

Mungu wangu!

Mchana niliingia stoo ya vitabu vibovu ili nikafikiri bila kurekebishwa. Huko nimepata dawa. Kitabu cha maneno ya hekima ya viongozi wakubwa wa zamani, wafalme na majemadari. Mchwa wamekula jalada, majina yote na ncha za kurasa. Hekima imebaki, kasoro kidogo. Nitaishi kwa kitabu hiki hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wa tano: "Atakaye kuongoza watu na aamke kabla ya..." Hapo mchwa wamekula. Nimejaza mwenyewe: jogoo.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa getini. Mlinzi akakataa kufungua. Nikamwambia haya ni maneno ya mtu mkubwa. Akauliza mkubwa gani. Nikasema wanaojua ni mchwa. Akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, mahali anaponiona vizuri, hadi saa mbili. Saa mbili kasoro dakika moja Kamusi akafika, kalala usingizi wake wote, shati limenyooka. Mlinzi akampigia saluti.

Saa nne nilisinzia dawatini. Uso ukaangukia muhuri wa tarehe. Nimewahudumia watu asubuhi nzima nikiwa na maandishi shavuni: IRUDISHWE 18 MACHI. Hakuna aliyeniambia. Kamusi peke yake ndiye aliyesema kitu, kwamba tarehe ni sahihi.

Jumatano, 5 Machi

Ukurasa wa kumi na saba: "Mpe mshindani wako mzigo mzito, naye..." Mchwa tena. Nimejaza: atavunjika.

Nilimpa Kamusi magazeti ya miaka kumi na miwili ayapange kwa tarehe. Yamelala chumba cha nyuma, yana vumbi la kuua ng'ombe. Nilimwambia kwa upole kabisa kwamba ni yeye tu anayeiweza kazi hiyo. Akanishukuru! Kumbe alikuwa anaiomba tangu mwaka juzi.

Kufika saa tisa alikuwa amemaliza. Tena kaibua daftari la wanachama lililopotea, lile ambalo mimi ndiye niliyelipoteza. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba akapita, akaona, akampa mkono Kamusi na kuutikisa kama anapampu maji. Kisha akageuka, akaniuliza mimi nafanya nini. Nikasema naongoza. Akanitazama shavuni. Wino wa jana haujatoka.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema huenda mchwa walikula sehemu yenye akili. Nilinuna hadi chakula kikapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ndiyo leo. Ukurasa wa arobaini, sentensi nzima, hata mchwa wameiheshimu: "Kiongozi bora ni yule anayekufaa." Mwili ulinisisimka. Mkuu aingie, aione ukutani, ajue nani anamjali. Kazi kwisha.

Sehemu ya watoto ina sanduku la herufi za kadibodi, kubwa, za rangi. Nikazimwaga sakafuni. Nilipanga mistari miwili: KARIBU TENA KAZINI juu, na chini yake KIONGOZI BORA NI YULE ANAYEKUFAA.

Nikahesabu. Nahitaji A nane. Sandukuni A ziko saba. Q ziko sita! X ziko tano! Ni nani katika lugha yetu alishawahi kuamka asubuhi akahitaji Q? Aliyelitengeneza sanduku hili hakuwahi hata kusalimiwa kwa Kiswahili.

Kamusi akatokea nyuma yangu, kama kawaida yake, na mkasi mkononi. Akasema A moja ni kazi ya dakika mbili, anikatie. Kwani nimemjua leo? Kesho angesimama mbele ya Mkuu na kusema bango ni letu sote. Nikamwambia asante, bango limeshakamilika. Akatazama sakafuni, akatazama juu, akasema kuna neno angependa kulizungumzia. Nikamwambia leo hakuna masomo. Akainua mabega na kuondoka.

Nikafikiri peke yangu, kama wafanyavyo wakubwa. Kwenye ANAYEKUFAA kuna A mbili zimekaa pamoja. Za nini? Mtu akisoma haraka, moja inatosha. Msomaji mwenye akili ataimalizia mwenyewe, kama mimi na mchwa.

Nimebandika. Limependeza mno. Limejaa ukuta wa mbele, huwezi kulikwepa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu tulikuwa tumejipanga ukumbini. Wafanyakazi, kamati, wanachama wa zamani na maua yao. Mama mkwe mstari wa mbele, kitambaa kipya, mkoba magotini. Nieleze jambo kumhusu. Mama mkwe kajifunza kusoma miaka miwili iliyopita, katika darasa la watu wazima. Tangu hapo hawezi kupita andiko bila kulisoma, na hawezi kulisoma kimyakimya. Makopo ya maziwa huyasoma. Milango ya vyoo huisoma.

Mkuu akaingia. Kakonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola, mkono mmoja unashikilia tumbo. Wengine walilengwalengwa na machozi. Kwa kweli wiki ya pili tulidhani hatarudi. Ukumbi ukanyamaza.

Na katika kimya kile, sauti ya mama mkwe, taratibu, kidole kikifuata mstari wa chini:

"KI-O-NGO-ZI... BO-RA... NI... YU-LE... A-NA-YE-KU-FA."

Akarudia, kwa mkupuo, kwa sababu mwalimu wao aliwafundisha kurudia: "Kiongozi bora ni yule anayekufa!" Akatazama huku na huku kwa furaha, akingoja makofi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jasho lilinishuka hadi kwenye soksi. Karani wa mapokezi alijifunika uso kwa maua.

Mkuu akalitazama bango. Akauliza ni nani kasema maneno hayo. Hapo ningeweza kunyamaza. Nikasema ni kiongozi mmoja mkubwa sana wa zamani. Akauliza yuko wapi sasa. Nikasema amekufa.

Ningejibu nini kingine? Ukweli ni ukweli!

Ndipo Kamusi akajitokeza. Mfukoni alikuwa na A. Alikuwa ameikata jana hiyohiyo, kwenye jalada la faili kuukuu, na kuipaka rangi! Akapanda kiti, akaibandika mwishoni, akashuka, akasema: "Anayekufaa, Mkuu. Irabu mbili." Ukumbi mzima ukapumua. Mkuu akaanza kucheka, akashika mshono, akacheka tena huku akilia kwa maumivu. Makofi. Kabla hata ya chai Kamusi alikuwa Mkuu Msaidizi.

Mimi nimehamishiwa stoo ya vitabu vibovu, kupaka gundi. Kuanzia Jumatatu.

Mama mkwe akanishika mkono, akaniambia Mheshimiwa, nionyeshe ofisi. Nikampeleka stoo. Ina mlango, sikudanganya. Akaketi kwenye boksi la kamusi zilizochanika, akatazama kuta, akasema ni pazuri, pana utulivu. Kisha akasema yale ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuyasoma mbele za watu bila kukwama popote. Alikuwa na fahari mpaka sauti ikakwaruza.

Niliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya ukumbini. Nikataka kumwambia kila kitu, pamoja na cheo. Nikafungua mdomo.

Halafu nikafikiri: hakukwama kwa nini? Kwa sababu nilipunguza A. Kwa hiyo nilisaidia. Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kamsimulia mke wangu. Mke wangu kacheka hadi akaketi sakafuni jikoni. Nikamweleza tatizo la A saba, kwa hesabu, ili aelewe kwamba sikuwa na njia nyingine. Akafuta machozi, akaniuliza kwa nini sikuigeuza V kichwa chini na kuiwekea njiti ya kiberiti katikati.

V zilikuwa nne.

Nimetoka jikoni. Nimepanga viatu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza stoo. Gundi inanuka. Saa mbili na nusu Mkuu Msaidizi kaja mlangoni na kupiga hodi, kwa adabu inayoudhi. Mkuu anataka barua ya kuomba radhi, ukurasa mmoja, kabla ya saa nane mchana. Nikiandika vizuri, nitarudishwa dawatini mwezi ujao. Nikiandika vibaya, nitabaki na gundi hadi nistaafu. Sharti ni moja. Humo asikute neno la kiongozi yeyote wa zamani, mfalme wala jemadari. Kitabu changu kimechukuliwa. Kamusi kasema atakihariri.

Nikamwambia nimeelewa kabisa. Akasema anafurahi kusikia hivyo, na kama nitahitaji mtu wa kupitia barua, mlango wake uko wazi. Mlango wake!

Nimekaa na karatasi masaa mawili. (Masaa! Nimeandika masaa, na aje anirekebishe.) Nimejipima bila huruma na nimeona kosa langu lilipo. Wiki nzima nimetegemea hekima za watu wengine. Watu wenyewe wamekufa, hawaijui maktaba hii, na walikuwa na A za kutosha. Sitarudia.

Barua nimeshaianza. Sharti nimelizingatia, hakuna mfalme wala jemadari. Inasema hivi: "Mkuu, kama ninavyopenda kusema mimi mwenyewe: mtu mkubwa hakosei, hupungukiwa herufi tu."

Nimeisoma mara tatu kwa sauti. Imetulia. Nimetoa nakala mbili, moja ya kamati na nyingine ya kubandika ukutani.