Ripoti ya Raba za Shemeji Venant

Jumatatu, 6 Juni 1994

Nimepewa kazi ya heshima. Mimi Luhaga, karani wa ghala la pamba, ndiye mjaribu raba!

Venant, kaka yake Getruda mke wangu, alipunguzwa kazini mwaka jana. Kiinua mgongo chote kakitia kwenye jozi arobaini za raba za mpira wa kikapu kutoka Dubai. Nyeupe, ndefu, zinafunika kifundo cha mguu, kisiginoni zina kiputo cha hewa. Zimejaa chumbani kwake, wanae wanalala sebuleni. Kocha Elias wa timu yetu hapa Pasiansi kasema yeye hanunui kitu kwa macho. Mchezaji mmoja avae jozi moja wiki nzima, acheze nayo Jumamosi dhidi ya Musoma, halafu aandike ripoti: zinashikaje sakafu, zinarukaje, zinalindaje kifundo, mguu unatuaje. Zikifaulu, timu inazichukua, na shule mbili alizoongea nazo zinachukua zilizobaki.

Venant kanichagua mimi. Ukweni wanajua kuwa mimi ni kapteni. Nani aliwaambia? Mimi. Ukweli ni kwamba mimi ni mchezaji wa akiba, na mara ya mwisho kuingia uwanjani ni pale wenzangu watatu walipougua malaria kwa mpigo. Sikuona haja ya kumsumbua Venant na habari hizo.

Jumanne, 7 Juni

Jaribio la kitaalamu. Nimepaka kidole masizi, nikaruka peku nyuma ya nyumba, nikaacha alama ukutani. Nikavaa raba, nikaruka tena. Alama imepanda vidole viwili! Nimerudia mara kumi na moja. Jirani yetu Justa kamwuliza Getruda kama nimepatwa na kitu. Getruda kajibu hapana, ndivyo alivyo.

Nimeandika ripoti kabisa, nyuma ya fomu za pamba. Nimesema katika mechi ya Jumamosi raba zilishika sakafu vizuri mno na mvaaji aling'ara. Sipendi kazi za dakika za mwisho.

Jioni mazoezini nimekaa benchi mwanzo hadi mwisho. Kocha kasema raba hazipimwi kwa makalio. Wote wakacheka, na Odongo kacheka kuwashinda. Huyu Odongo ndiye anayecheza nafasi ninayoitaka. Anavaa raba za turubai zilizolika soli mpaka unaona soksi, na bado kocha hamtoi. Kasema raba zangu zitafika mpaka kwa wajukuu, maana hazijaonja jasho. Nimecheka na mimi. Moyoni nilikuwa nawaka.

Raba zionekane, lazima niingie. Niingie, lazima Odongo atoke. Nafikiri.

Jumatano, 8 Juni

Wiki hii ziwani ni giza, mwezi hakuna, dagaa wanazifuata taa za wavuvi, kwa hiyo ni wengi ajabu. Mama Aloo na wenzake wanaanika kwenye uwanja wetu wa saruji. Ndiyo makubaliano na timu: asubuhi dagaa, jioni kikapu, na ikifika saa nane mchana wawe wameshafagia na kuosha kwa sabuni. Leo nimewahi kabla ya kuoshwa. Chini ya goli la upande wa ziwani saruji inang'aa mafuta. Nimepita na raba za Venant. Zinashika! Nikavaa malapa, nikapita palepale. Chali! Wazo limenijia nikiwa bado chini.

Kipindi cha kwanza sisi siku zote tunashambulia goli la ziwani. Pasipooshwa Jumamosi, Odongo na turubai lake atateleza. Mimi nitaingia, nitasimama imara, kila mtu ataona raba ni kitu gani. Simdhulumu mtu. Nawasaidia tu kuona.

Nimemwambia Mama Aloo kuwa kocha kaagiza Jumamosi wafagie tu, upande wa ziwani wasimwage maji, saruji inaliwa. Kaniuliza ni kocha huyuhuyu aliyemgombeza wiki iliyopita kwa kusahau sabuni? Nikasema huyohuyo, amebadilika. Kanitazama sana. Kasema haya baba, yeye hana neno.

Alhamisi, 9 Juni

Balaa! Venant kamwalika mama yake, yaani mama mkwe wangu Paskazia, aje kutoka Magu amwone kapteni akicheza. Mkwe wangu! Mtu ambaye mbele yake hata chakula sili, nikimwona njiani najibanza pembeni apite, leo aje anione mapaja kwenye kaptura! Nimemwomba kocha nivae suruali. Kauliza kwani naingia lini.

Jioni Venant alipita. Hakukaa. Kasema shemeji, raba zisipotoka, mwezi ujao anafunga mizigo, anarudi Magu na wanae kulima pamba ya baba yake. Mkubwa yuko darasa la saba, mtihani wake ni mwaka huu. Kasema shemeji, usiniangushe. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilitaka kumwambia yote, la benchi, la ripoti, la mafuta. Nikamkaribisha chai. Kasema haina haja.

Nimeona aibu. Nimeamua. Kesho naenda kwa Mama Aloo, namwambia aoshe uwanja wote.

Ijumaa, 10 Juni

Sikwenda. Kazi zilikuwa nyingi ghalani. Halafu nikawaza, nikimwambia aoshe, itabidi nimweleze kwa nini nilisema asioshe. Mtu una heshima zako.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika nimegeukia ukuta.

Mambo yalikwenda kama nilivyopanga, na hapo ndipo penye ubaya. Dakika ya nne Odongo alikimbilia goli la ziwani, akateleza, kiwiko kikachubuka hadi damu. Nilisema pole kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Kocha akatazama benchi, akashusha pumzi, akaniita. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kando ya Venant, na pembeni yake kapu lenye kuku aliyemletea kapteni. Niliingia nikivuta kaptura chini kwa mikono miwili.

Na raba zilishika! Hili siandiki uongo. Nilikimbia nikasimama ghafla, nikaruka nikatua, kifundo hakikuyumba. Nilifunga mara mbili. Mimi! Venant alikuwa anarukaruka kama mtoto. Lakini wengine wote walikuwa wanaanguka. Wetu watatu. Wa Musoma wanne. Refa akakaa chini na filimbi mdomoni. Nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya watu waliolala, nao wote wananitazama.

Kocha alisimamisha mchezo. Akainama, akagusa saruji, akanusa kidole. Akamwita Mama Aloo. Mama wa watu hakuzunguka. Alininyooshea ufagio mbele ya uwanja mzima, akasema ni huyu hapa, mwenye raba mpya, ndiye aliyeleta agizo la kutomwaga maji.

Jamani, Venant akasimama kunitetea! Alimwambia kocha kuwa haiwezekani, kapteni hawezi kuihujumu timu yake mwenyewe. Kocha akauliza kapteni yupi. Venant akanionyesha. Wachezaji wakaanza kucheka, kisha wakamwona Venant hacheki, wakanyamaza. Kule kunyamaza kuliniumiza kuliko kicheko.

Kocha akataka ripoti. Nilikuwa nayo kwenye begi. Aliisoma kwa sauti mpaka akafika kwenye tarehe, akaniuliza Jumanne niliyajuaje ya Jumamosi. Nikasema nilikadiria. Basi, akamgeukia Venant, akamwambia pole sana ndugu yangu, siwezi kuzichukua, maana sijui nilichokiona ni raba au ni mafuta ya dagaa.

Venant alikuwa kaja na jozi kumi kwenye gunia, kapanga mbili nje watu waone. Aliziokota moja moja akazirudisha. Mama mkwe alijifunika kanga usoni. Akamwambia Getruda, nami niko hatua tatu tu, amwambie mwenzake akavae suruali. Kuku akaondoka naye.

Raba zilikuwa nzuri. Zingefaulu zenyewe, kwa mguu wa mtu yeyote, kwenye uwanja uliooshwa. Nimeharibu mimi. Natamani nihame mji.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya misa nimekwenda kwa Venant. Nimempigia magoti mlangoni, watoto wake wakiniangalia. Hakunikaribisha ndani. Wala hakunitukana, bora angenitukana. Aliniambia tu kwamba Odongo, ndiyo, Odongo mwenye bendeji kiwikoni, alikwenda asubuhi kwa kocha kuomba raba zijaribiwe tena Jumatano. Uwanja uoshwe wote, azivae yeye. Kasema kaona zilivyoshika, kosa si la viatu. Kocha kakubali, mara hii moja na ya mwisho. Sharti ni kwamba mimi nisisogelee uwanja.

Nimelia. Mtu niliyemwangusha ndiye anayemwokoa shemeji yangu! Sikustahili hata kuvaa lile turubai lake.

Kazi yangu moja tu: kuzifuta vumbi raba nilizovaa na kumpelekea Odongo kesho asubuhi. Mguu wetu ni saizi moja. Getruda kaleta Biblia, nikaweka mkono, nikaapa sitafanya hila tena katika maisha yangu. Niliapa kwa moyo wote, machozi yakiwa bado hayajakauka.

Saa kumi na moja jioni. Raba nimezifuta zimetakata. Nimezigeuza nikazitazama soli. Nzuri, sikatai. Lakini Jumatano kukiwa na vumbi je? Yule mtoto na mtihani wake je? Odongo mtu mwema, ila uzoefu na raba hizi hana. Nikateremka kwa fundi baiskeli, kanipa ile gundi ya kuzibia pancha. Nimepaka soli zote mbili, kidogo sana, kwa kidole, zishike zaidi. Hii si hila, ni matengenezo. Na uwanja sijausogelea.

Safari hii hakuna wa kuninyooshea ufagio, maana sikumshirikisha mtu.