Kondoo Kumi wa Mfuko wa Mazishi

Jumatatu, 8 Megabit
Kikao cha mfuko wetu wa mazishi. Mwaka wa tisa huu mimi ni mtunza hazina. Akiba imefika birr elfu themanini, imelala tu benki. Nimependekeza kwa akiba yote tununue kondoo kumi sasa, kwenye mfungo wa Kwaresima, nyama ikiwa haina mnunuzi, tuwauze Pasaka kwa bei maradufu. Katibu, Bi Etagegn, akasema akiba ni ya wafu. Nikamjibu wafu hawana haraka. Wajumbe wakacheka, kura zikawa zangu.

Jumatano, 10 Megabit
Kondoo wamo uani. Weupe. Ukungu wa mji wetu wa Debre Birhan umewafunika, sioni sufu inaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Nimewatazama hadi kahawa ikapoa. Nikawaona wamekuwa mia, kilima kizima, na mfuko wetu una hema jipya la misiba lenye jina langu. Mke wangu kauliza nani atanunua majani. Hilo sikuliwaza.

Jumamosi, 13 Megabit
Tessema mfumaji amefariki alfajiri. Mjane wake, Bi Zenebech, hana hata pesa ya sanda. Etagegn alikuja mlangoni, sauti ya chini: "Kaka Gebeyehu, leo kuna mfu mwenye haraka."
Nikamwonyesha kondoo. Akauliza kama waombolezaji watavunja mfungo kwa nyama msibani.
Nikawaswaga sokoni. Mmoja akaingia ukunguni, hakutoka. Mchinjaji Shiferaw akaniuliza tangu lini watu wananunua nyama Kwaresima, kisha akawachukua tisa kwa nusu bei.

Jumapili, 14 Megabit
Tumemzika. Jeneza, mikate ya injera, dengu, vyote vilipatikana. Bi Zenebech alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema Tessema alilipa ada hata miezi ya njaa, akijua hatutamwacha. Nilitazama viatu vyangu. Etagegn alikuwa kando, angeweza kusema lolote. Akaendelea kugawa injera.

Jumanne, 16 Megabit
Kikao kimempa Etagegn kitabu cha benki. Haki yake. Nimekiri kosa mbele ya wote: kondoo hula, tena hupotea.
Jioni nimekaa barazani, jua likiyeyuka mlimani. Nyuki hujilisha wenyewe. Jioni hurudi nyumbani bila kuswagwa. Na asali huliwa hata kwenye mfungo.
Akiba iliyobaki inatosha mizinga sita. Mahali pa kuiweka nimeshapaona: ua wa Bi Etagegn una maua mengi.